JILINDE USIIBIWE, USIJE NAWE UKAIBA
(Amana katika soko la kadi mtandaoni)

Mada hii ilitolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la kwanza la Ramadhani. Imeandikwa upya ili isomwe nyumbani.



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, najua umeona kichwa cha mada ukajiuliza: kadi gani tena hizi? Za kamari? La, hasha. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, kisha uhukumu.

KADI ZENYEWE NI ZIPI?

Kadi ninazozungumzia ni vipande vya karatasi ngumu, vyenye picha, ambavyo watu hukusanya, hubadilishana na kuuziana. Marekani zilianza zamani sana. Mwaka 1909 hadi 1911 kampuni ya tumbaku ilikuwa ikitia picha za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za sigara. Mwaka 1993 zikaja kadi za mchezo wa Magic: The Gathering, na mwaka 1996 kule Japani zikaanza kadi za Pokémon, zikaingia Marekani mwaka 1999. Watoto wa wakati ule leo ni watu wazima wenye mishahara, na zile kadi walizochezea sakafuni sasa wanazitafuta kwa pesa nyingi.

Pesa nyingi kiasi gani? Mwaka 2021 Mmarekani Logan Paul alipata kadi moja tu ya Pokémon kwa thamani ya dola 5,275,000. Karatasi moja, jamani!

Bei ya kadi hutegemea mambo mawili: uchache wake na hali yake. Kadi ile ile moja, ikiwa kona zake ni kali na mgongo wake hauna doa, ina bei yake. Ikiwa na mkunjo, bei huanguka vibaya. Ndiyo maana kuna kampuni za kupima hali ya kadi, zinaipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha zinaifungia ndani ya kasha la plastiki lenye namba yake.

Sasa fikiria. Soko hili kubwa liko mtandaoni. Mnunuzi hamuoni muuzaji, na kadi hajaishika. Anachokiona ni picha na maneno tu. Kwa hivyo anachonunua hasa, kabla ya kadi, ni ukweli wa yule mtu. Hapo ndipo mada yetu ilipo.

YALIYOTUPATA

Nina binamu yangu anaishi Leicester, Uingereza. Ana miaka kadhaa sasa akiuza kadi baada ya kazi yake ya kawaida. Mimi niko huku chuoni, lakini yeye hunitumia picha kwa simu, nami namwandikia maelezo ya kadi na kujibu maswali ya wateja. Mwisho wa mwezi hunitumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Kwa mwanafunzi, kitu kidogo si kidogo.

Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani kuingia, aliuza kadi kwa pauni 160. Akaitia katika bahasha, akaipeleka posta, akaondoka zake. Hakupiga picha wakati wa kufunga. Hakuandikisha saini ya mpokeaji. Baada ya siku nne mnunuzi akaandika kwamba bahasha imefika tupu. Tukasema haiwezekani, sisi tumeifunga wenyewe. Tukaulizwa, ushahidi wenu uko wapi? Hatukuwa nao. Soko likamrudishia yule mtu pesa zake zote. Kadi ikaenda, na pesa zikaenda.

Je, yule mtu alituibia? Sisi tuliamini hivyo. Lakini mpaka leo sina hakika, na hilo lenyewe ni sehemu ya hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari, na usipokuwa na ushahidi hata wa kumlaumu hujui ni nani.

Binamu yangu alikasirika sana. Mimi pia nilikasirika. Na hapo, ndugu yangu, ndipo shetani alipopata mlango.

YALIYONIPATA MIMI

Ramadhani ikaingia. Shetani tunaambiwa hufungwa, lakini nafsi zetu hazifungwi. Binamu akanitumia picha za kadi ya Charizard ya mwaka 1999. Mbele inapendeza. Nyuma, karibu na kona ya chini, ilikuwa na mkunjo mdogo, unaonekana tu ukiigeuza kwenye mwanga. Akaniambia, "Ile picha ya nyuma tumia ile isiyoonyesha. Turudishe hasara yetu."

Nikaandika kwamba kadi ni ya asili, imetunzwa vizuri, rangi zake zimekaa. Kila neno lilikuwa kweli. Mkunjo sikuutaja. Nilikuwa nimefunga, msahafu uko mezani, na nikajiambia: sijasema uongo, nimenyamaza tu.

Kadi ikauzwa pauni 240. Safari hii binamu aliituma kwa njia ya posta yenye bima, maana alikuwa ameshapata funzo. Baada ya wiki mnunuzi akaandika. Nilidhani atakuja na matusi. Hapana. Aliandika kwa adabu kwamba kadi ameinunulia mwanawe, ambaye amechangia nusu ya pesa kutoka akiba yake mwenyewe. Akauliza swali moja tu: huu mkunjo ulikuwapo kabla, au umetokea njiani? Kama umetokea njiani, alisema, yuko tayari kutusaidia tudai bima ya posta, ili sisi tusipate hasara.

Binamu akaniandikia mara moja, "Mwambie njiani." Hebu ona uzuri wa mtego huu. Mtoto anarudishiwa pesa. Sisi tunalipwa na bima. Hakuna anayelia. Neno moja tu, "njiani", na kila mtu ameridhika.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka adhana ya Magharibi ikakaribia. Wallahi nilikuwa nimeshaliandika lile neno. Kilichonizuia si elimu yangu, maana elimu nilikuwa nayo tangu nilipoficha ule mkunjo. Kilichonizuia ni kwamba yule mtu alitudhania vizuri. Niliona haya. Nikafuta, nikaandika: mkunjo ulikuwapo, tuliujua, tunakurudishia pesa zote pamoja na gharama ya kuirudisha kadi.

Binamu hakunisemesha siku mbili. Yule baba alirudisha kadi, akapata pesa zake, na hakuandika tena. Baadaye tuliiuza kadi ile ile kwa pauni 110, picha ya kwanza ikiwa ni ya ule mkunjo. Sitakudanganya kwamba tulipata baraka ya ghafla au mteja tajiri. Tulipata hasara. Lakini futari ile nilikula nikiwa na raha kifuani.

Nikakaa nikafikiri: ni nani aliyenifikisha pale? Ni ule wizi wa mwanzo. Anayeibiwa asipojilinda huja akajilipa kwa mtu asiyehusika. Kwa hivyo kujilinda na wizi si kulinda pesa peke yake. Ni kulinda amana yako pia. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tumrudishie amana aliyetuamini, na tusimfanyie khiyana hata aliyetufanyia. Na sisi tulitaka kumlipiza mtu ambaye hata hakuwa amefanya chochote!

ALAMA YA UNYEVU

Ndugu msomaji, tumesoma madrasa kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaona rundo la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiweke ile yenye unyevu juu ili watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Mwenye nafaka hakusema uongo, na mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Na mimi nilifanya hivyo hivyo: picha nzuri juu, mkunjo chini. Katika fiqhi ya biashara huku kuficha aibu ya bidhaa kunaitwa tadlis. Kwa hivyo kanuni ni moja, iandike mahali: picha ya dosari iwe ya kwanza.

KESI YA KADI YA WAGNER

Usidhani haya ni ya watu wadogo. Katika zile kadi za tumbaku, maarufu kuliko zote ni ya mchezaji Honus Wagner, na zilizobaki duniani ni chache mno. Moja kati yake ilikuwa safi ajabu, kingo zake zimenyooka. Mwaka 1991 mchezaji wa magongo ya barafu Wayne Gretzky na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000. Ikapimwa, ikapewa alama 8. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8.

Mwaka 2013 William Mastro, dalali mkubwa wa minada ya kadi, alikiri makosa mahakamani. Katika ungamo lake alisema kwamba yeye ndiye aliyezikata kingo za kadi ile ili ionekane safi, na akaiuza bila kusema. Pia alikiri kwamba katika minada ya kampuni yake walikuwa wakitoa bei za uongo ili wanunuzi wa kweli wapande. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Zile bei za uongo ndizo najshi, ambazo Mtume (S.A.W.) alizikataza yapata miaka 1,400 iliyopita. Leo hufanywa vipi? Kijana anafungua akaunti ya pili, au anamwambia rafiki, "Nipandishie bei kidogo." Utasikia ati ni utani. Si utani. Kila pauni aliyoiongeza mnunuzi kwa kudanganywa ni pauni uliyoitoa mfukoni mwake kwa mkono wako.

MIZANI SAHIHI, NIA MBOVU

Kuna hila nyingine iliyonishangaza. Katika pakiti za zamani za Pokémon, kadi inayong'aa huwa nzito kidogo kuliko za kawaida. Basi wapo watu wanaopima kila pakiti kwa mizani ndogo nyepesi. Zilizo nzito wanaziweka au wanaziuza ghali. Zilizo nyepesi wanaziuza kama pakiti ya kawaida ambayo huenda ikawa na bahati.

Suratul Mutwaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Sisi tumezoea kudhani mpunjaji ni mwenye mizani mbovu. Huyu mizani yake ni sahihi kabisa, mpaka kwenye sehemu za gramu! Lakini anaitumia kujua yeye asichotaka mwenzake ajue. (Suala la kununua pakiti iliyofungwa bila kujua kilichomo lina maneno yake. Hilo muulize sheikh wako.)

Na jambo la tatu katika mlango huu. Mjane anauza sanduku la kadi za marehemu mumewe, hajui bei. Wewe unajua ndani yake mna kadi ya pauni 500, unampa pauni 20 ya sanduku zima na kumwambia unamsaidia kupunguza takataka. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuwawahi wafanyabiashara wa misafara njiani, kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Mjane huyu ndiye msafara wako. Mtoto wa miaka tisa anayebadilishana kadi nawe pia ni msafara wako. Mwambie bei kwanza, kisha mpatane.

FUNGA NGAMIA WAKO

Yule aliyeuliza kama amwache ngamia na kutawakali, alifundishwa amfunge kisha atawakali. Sasa tumfunge ngamia wetu. Haya tumejifunza kwa hasara, wewe yapate bure.

Ukiwa muuzaji:

1. Piga picha mbele, nyuma na kona zote nne, kwenye mwanga wa kutosha. Kando ya kadi weka karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, ili ijulikane kadi unayo kweli na hukuiba picha ya mtu.

2. Jipige video ukifunga bahasha, kadi ionekane ikiingia na bahasha ikibandikwa. Posta wakipima uzito, hifadhi stakabadhi.

3. Kadi ya thamani itume kwa njia inayofuatiliwa, inayosainiwa, na yenye bima ya bei yake kamili. Gharama ni yako au ya mnunuzi, mpatane mapema na muandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Sisi nani tujione hatuhitaji kuandikiana?

4. Weka daftari la kadi zako pamoja na picha na namba za makasha. Siku ukiibiwa, hilo ndilo utakaloenda nalo polisi.

Ukiwa mnunuzi:

1. Soma maoni ya watu kuhusu muuzaji. Usihesabu tu idadi yake, angalia aliuza nini. Mtu aliyeuza vifuniko vya simu mara mia, leo ghafla anauza kadi ya pauni 2,000, huenda hata akaunti si yake.

2. Usikubali kutolewa nje ya soko. Ukiambiwa ulipe kwa PayPal kama unamtumia rafiki au jamaa, jua kwamba malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Anayekuomba hivyo anakuomba uvue ngao.

3. Bei ikiwa nusu ya bei ya watu wote, jiulize kwa nini. Huenda ni ghushi, huenda ni ya wizi. Mwaka 2023, katika maonyesho ya michezo ya Gen Con mjini Indianapolis, shehena ya kadi yenye thamani ya dola 300,000 iliibwa, kisha polisi wakaipata. Mali kama hiyo hutafuta mnunuzi asiyeuliza maswali. Usiwe wewe.

4. Jipige video ukifungua mzigo. Linganisha kadi na nyingine unayojua ni halali: rangi, herufi, unene. Kadi nyingi halali za Pokémon zina tabaka jeusi katikati, kwa hivyo ukizimulika kwa tochi mara nyingi ghushi hupitisha mwanga zaidi. Na usitegemee muhuri peke yake. Mwaka 2022 yule yule Logan Paul alifungua kasha alilolinunua dola milioni 3.5, lililokuwa limepitishwa na wakaguzi, akakuta ndani si Pokémon bali ni kadi za G.I. Joe.

5. Mkibadilishana kadi kwa kadi, desturi ya wakusanyaji ni kwamba mwenye sifa ndogo hutuma kwanza, au kadi zote mbili hupitia kwa mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote. Usione ni dharau. Sifa hujengwa.

Na ukiibiwa licha ya haya yote, usinyamaze. Toa taarifa kwa wenye soko, kwa polisi, na kwa wakusanyaji wenzako. Lakini usimtaje mtu kwa jina mbele za watu mpaka uwe na ushahidi, kwani kumsingizia mtu nako ni kumwibia heshima yake.

KWA WAZAZI

Baba, mama, huenda nyumbani kwenu hakuna kadi hata moja. Lakini kijana wenu ananunua simu, viatu na vitabu mtandaoni, na mambo ni yale yale. Msimuulize tu, "Umepata faida ngapi?" Mwulizeni pia, "Mnunuzi aliambiwa nini?" Mimi siku ile laiti mtu angeniuliza swali hilo, nadhani ningeona haya mapema zaidi.

HITIMISHO

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao, wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kudanganya, baraka yake hufutwa. Tazama neno hilo, kubainisha. Kusema kweli ni kujibu ulipoulizwa. Kubainisha ni kusema kabla hujaulizwa. Mimi nilijifanya nina la kwanza nikakosa la pili.

Binamu yangu bado anauza kadi, nami bado namwandikia. Sasa ameweka simu ya zamani juu ya meza yake, kazi yake moja tu, kurekodi anapofunga bahasha. Na kila kadi yenye dosari, dosari hutangulia. Juzi aliniambia kwa mzaha, "Wewe na mikunjo yako." Nikamjibu, "Yetu sote."

Tunafunga midomo yetu mchana kutwa tusile kilicho chetu cha halali. Basi mikono yetu isije ikala cha mwenzetu kwa picha iliyogeuzwa upande.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali hata kama ni kidogo, tulinde tusidhulumiwe wala tusidhulumu, na utukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.